Ndovu wa Rukanga na Maswali ya Mwalimu Tryphena

Rukanga, Kasigau
21 Januari 1974

Kwa Mchungaji Reuben,
Voi.

Mheshimiwa Mchungaji,

Bwana asifiwe. Huku kwetu tu wazima na mahindi yamekauka vizuri, ila mimi mzee wako wa kanisa nina uchungu usiovumilika. Naomba umwondoe Mwalimu Tryphena katika Shule ya Jumapili kabla ya kikao cha tarehe tatu Februari, siku tutakapopitisha azimio langu la kubomoa madungu yote ambayo watu hupanda usiku kulinda mashamba yao na ndovu. Akiwepo atauliza maswali. Malalamiko yangu ni haya.

1. Unaujua ubishi wetu na kanisa la bondeni, linaloongozwa na Makokha, yule aliyetoka magharibi kuja kukata mkonge, akaoa hapa, akabaki. Wao hubatizwa kwa kuzamishwa, sisi kwa kunyunyiziwa. Makokha anadai ndovu ni mnyama wa maji, kwa hiyo humheshimu aliyezamishwa katika maji mengi wala haingii shambani mwake. Upuuzi mtupu. Shamba langu liko kwenye njia yenyewe ya ndovu, na tangu nistaafu reli, miaka saba sasa, halijaguswa. Mimi nilinyunyiziwa. Hoja imekwisha.

2. Tulifanya mjadala kwenye uwanja wa shule, makanisa yote mawili, Tryphena akapewa ubao aandike hoja zetu. Badala ya hoja akachora mlima, chemchemi, na kila shamba lililoliwa msimu huu. Yote yalikuwa kando ya njia iendayo kwenye maji, ya waliozamishwa na ya walionyunyiziwa, yamechanganyika kama mahindi na maharagwe sufuriani. Watu wakaanza kunong'onezana. Chaki ile ilinunuliwa kwa sadaka, Mchungaji.

3. Nilimweleza kwa subira. Shamba la mtu wetu likiachwa, ni imani. Likiliwa, kama la Kiilu, ni dhambi yake ya siri. (Kiilu amekwisha kuungama dhambi tatu, na ile ya tatu nashuku ameibuni.) Shamba la Makokha likiachwa, ni kwa sababu shetani hasumbui walio wake. Likiliwa, ni hukumu. Hoja haikuwa na ufa hata mmoja, wazee wakapiga makofi. Ndipo Tryphena akanyoosha mkono: "Mzee Danson, sasa huyo ndovu afanye nini ndio tujue tumekosea?" Swali hilo limeninyima usingizi siku nne. Mtu wa imani hanyimwi usingizi na swali, kwa hiyo ni dhahiri lina ubaya ndani yake.

4. Nilimkumbusha kwamba nimefanya kazi ya reli pale Voi miaka ishirini na miwili, na kwamba yeye hajaolewa wala hawezi kukaza taruma hata moja chini ya reli. Akasema hayo ni kweli, kisha akarudi kwenye ramani yake. Kiburi hicho.

5. Tukapiga kura kama dungu ni dalili ya kukosa imani, mikono ikajaa. Tryphena akauliza, tukipiga kura kwamba mlima wa Kasigau uko Taveta, nani ataubeba kuupeleka. Watu walicheka. Makokha naye alicheka, na hilo ndilo lililoniuma.

6. Mwisho akaniuliza, mbele ya umati, ni nani hukaa juu ya dungu la shamba langu. Hilo ni jambo la nyumbani kwangu, si la umati. Lakini wewe ni mchungaji wangu, sikufichi. Ni Wakio, mke wangu. Mimi nikipiga magoti chumbani, yeye hupanda dunguni na kugonga kipande cha reli nilichokuja nacho kutoka Voi. Hukigonga hadi majogoo, na kelele hiyo imenikatiza sala kwa miaka saba. Hebu pima mwenyewe: ikiwa sala iliyokatizwa imelinda shamba moja namna hii, isiyokatizwa si italinda Kasigau nzima? Ndiyo maana nataka madungu yaondoke. Nitaanza na la kwangu.

Mpe salamu Mama Mchungaji, wazee wa Voi wote, na karani wako ambaye hajibu barua. Makokha akipita huko usimsalimie.

Ni mimi nisiyeyumba,
Danson, mzee wa kanisa.

Nyongeza, Alhamisi.

Lori la Voi halijapita, kwa hiyo barua bado ninayo. Wakio alikwenda Marungu Jumanne, binti yetu Peris amejifungua. Nilimfurahia mjukuu na, nakiri, niliufurahia ukimya. Usiku huo nilisali bila kukatizwa hata mara moja. Walikuja ndovu saba. Nikapaza sauti. Mmoja alisimama karibu na dirisha mpaka nikafika amina, kisha akarudi kwenye mahindi. Imebaki mistari minne kando ya choo.

Asubuhi alikuja Mwalimu Tryphena. Nilikuwa nimejiandaa kwa lile swali lake, hakuliuliza. Alisema tu, "Pole, Mzee," akataka nimwonyeshe kile kipande cha reli ili tugonge kwa zamu. Nikaona haya, kwa maana sikujua kinakaa wapi. Tulikikuta kimening'inia dunguni. Pale kinapogongwa kimelika, kidole changu kinaingia.

Basi azimio langu usilisome kikaoni. Imani yangu haijapungua, yaliyopungua ni mahindi. Kiilu arudishiwe ile dhambi ya tatu. Tryphena aachwe na Shule yake ya Jumapili, na akiomba chaki apewe.

Wakio anarudi Jumamosi. Nimeongoza sala kanisani miaka yote hii, lakini sijui nianzie wapi kumwambia mke wangu asante. Nakuomba uniandikie maneno, uyatume kwa lori la kwanza.