Malalamiko Juu ya Salme, Anayechelewesha Chuo Kizima

Kibuli, Kampala
Ijumaa, 14 Machi 1975

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Tajudin,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa na hasira ninayo. Mimi ni Hamdun Sebit, fundi saa, baba yake Jafar. Malalamiko yangu yanamhusu Salme, binti wa Bi Aminah, uliyempokea kwenye chuo chako cha Kurani mwaka jana. Ana miaka minane, alianza kutembea akiwa na minne, na mpaka leo maneno yanamtoka moja moja. Naomba umwondoe. Sababu zangu ni hizi:

1. Umeweka sheria kwamba hakuna mtoto anayefunga juzuu yake mpaka Salme amalize mstari wake. Jafar wangu alikuwa akisoma mbio, hata pumzi havuti, nami nikijisifu mtaani. Sasa akifika mwisho wa aya anatulia, anangoja. Nyumbani hagusi ugali wa posho mpaka wote tumekaa. Juzi nimekula chakula kimepoa kwa sababu mama yake alikuwa bado anasali. Mwalimu, haya ni malezi gani?

2. Bi Aminah hana haya hata kidogo. Anakwenda na mtoto sokoni, harusini, maulidini, popote. Watu wakimuuliza mtoto ana nini, anajibu kwamba ana miaka minane. Jamani! Sisi majirani tulikuwa tumeshajiandaa: wengine walisema jini, wengine husuda, mimi nilisema mama alikula mayai akiwa na mimba. Hakuna aliyetuuliza. Elimu yote hiyo inatuozea vichwani.

3. Wiki iliyopita, kwenye foleni ya sukari, mke wangu alikuwa mtu wa tatu. Akamwona Salme amechoka kusimama, akampisha Bi Aminah apite. Wenzake walio mbele nao wakapisha. Kufika zamu yake, sukari imekwisha. Siku ya sita leo nakunywa chai bila sukari, na mke wangu anaimba jikoni.

4. Hili ndilo zito. Jumatatu nilikuwa nawarudisha watoto nyumbani, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha askari barabarani. Mambo ya vizuizi siku hizi unayajua mwenyewe, nisiandike mengi. Salme akamshika afande mkono, akaanza kumtajia jina lake. Sa... Sal... Wallahi nikaanza kutamka shahada. Watoto wote wanangoja kama ulivyowazoeza. Na afande naye akangoja! Akaisukuma bunduki mgongoni, akainama, mpaka jina likaisha, kisha akatuambia twende zetu. Tangu mwaka sabini na moja sijaona askari akimngojea raia. Mtoto akishavuruga utaratibu wa nchi, chuo kitamweza wapi?

5. Jana Salme amesoma Alhamdu yote peke yake. Wenzake wakashangilia, wakambeba hadi barabarani, na Jafar akarudi nyumbani analia kwa furaha. Yeye alipohitimu juzuu nzima hakutoa hata chozi moja. Nimeona wivu, nakiri.

Kwa hiyo, mwalimu, turudi kwenye utaratibu wetu wa zamani: wepesi mbele, wazito wabaki nyumbani, na kila mzazi ajue lake. La sivyo nitamtoa Jafar, ingawa nilipomwambia alinijibu, kwa adabu zote, kwamba hatoki.

Umsalimie mkeo Bi Hajara, wazee wa msikitini, na wanafunzi wote mmoja mmoja. Bi Aminah naye msalimie, ukimwona.

Ni mimi ndugu yako katika dini, mwenye haraka,
Hamdun Sebit

Tanbihi: Mtaani wote wanajua kwamba binti yangu mdogo, Maimunah, analelewa na bibi yake huko Bombo. Hayuko Bombo. Ana miaka mitano, yuko chumba cha nyuma, na wageni wakija tunafunga mlango. Kumbe Jafar amekuwa akimsomesha humo kwa siri, vile vile unavyosomesha wewe. Leo asubuhi Maimunah ameniita baba, mara yake ya kwanza, nikalia mpaka mke wangu akaogopa. Mwalimu, mkekani karibu na Salme pana nafasi? Kesho namleta mwenyewe, mchana, kwa barabara kubwa, nimemshika mkono.