Boksi la Soya la Shangazi Adventina

Jumapili, 6 Julai 2025. Bugene.

Shangazi Adventina kafika kutoka Muleba. Atakaa kwangu wiki nzima. Jumamosi ukoo unakutana kumchagua msemaji wa familia kwenye harusi ya mdogo wetu Kokwijuka, na tangu baba afariki neno la Shangazi ndilo la mwisho. Wagombea wawili. Mimi, kifungua mimba, mtu mwenye sauti. Na mdogo wangu Jovitus, mnunuzi wa kahawa kule Nkwenda, ambaye huongea kama anaogopa kuamsha kuku.

Jovitus kaja na mkungu wa ndizi mkubwa kuliko pikipiki iliyoubeba. Nikatulia tuli. Daktari kamkataza Shangazi maziwa ya ng'ombe, yanamsumbua tumbo. Nikatoa boksi la maziwa ya soya, nimelifuata mwenyewe Kayanga. Nikalikata kona kwa mkasi mbele ya kila mtu. Akanywa. Akafumba macho. Akanishika bega, akasema Elpidius huyu ni baba yake mtupu. Jovitus akatoka nje kuangalia pikipiki. Ushindi!

Jumatatu, 7 Julai

Mpango: kikombe kidogo kila siku mpaka Jumamosi. Shangazi aingie kikaoni na ladha yangu mdomoni. Mke wangu Dafroza anasema boksi likishafunguliwa linataka friji, na maziwa yaishe ndani ya siku chache. Nikamwonyesha tarehe: mwezi wa tatu mwakani. Akasema hiyo ni ya boksi lililofungwa. Nikamuuliza kama anajua kuliko kiwanda. Hata hivyo, kwa ajili ya amani ya nyumba, nimeikunja ile kona, nikaikaza kwa mpira, nikalipeleka dukani kwa jirani yetu Gideon, kwenye friji ya soda.

Jumanne, 8 Julai

Hujuma! Nimemimina kikombe cha Shangazi, kimetoka maji maji. Mazito yote yamekaa chini. Nikajua tu: Jovitus kapita kwa Gideon. Nikampigia simu, nikamtuhumu. Akauliza kwa upole kama nimelitikisa. Dafroza akaninyang'anya boksi, akalitikisa, akanusa, akaonja tone. Yakarudi kuwa maziwa. Akasema kujitenga si kuharibika. Yaliyoharibika yananuka uchachu, yana mabonge yasiyovunjika ukitikisa, yanavutika kama bamia, na boksi lenyewe huvimba. Maneno mengi. Sikuyashika yote.

Jovitus sikumwomba radhi. Hakuna anayeomba radhi wakati wa kampeni.

Alhamisi, 10 Julai

Umeme ulikatika jana asubuhi, mpaka sasa haujarudi. Gideon kaniita nichukue boksi langu, friji yake sasa ni kabati tu. Nikalikuta limenenepa. Ubavu umetuna! Nikafurahi: maziwa yameongezeka. Nimelificha uvunguni, Dafroza asije akaanza mihadhara. Shangazi nimemwambia leo anywe chai ya rangi, inasaidia kufikiri.

Ijumaa, 11 Julai

Dafroza kafagia uvunguni. Basi. Kafungua boksi, kisha kafungua dirisha. Akaita, "Baba Vero, njoo unuse." Nikanusa. Nikasema soya ndivyo ilivyo. Akasema mwaga. Nikasema namwaga.

Nimeenda nayo nyuma ya jiko. Nimechuja mabonge kwa chujio la chai. Nikatia sukari, tangawizi, chumvi kidogo. Nikachemsha, kama kuna chochote humo kife. Yakakatika kabisa, maji upande huu, mapande upande ule. Nikachuja tena. Kilichobaki kina rangi ya kuaminika. Sikuonja, kisipungue.

Jumamosi, 12 Julai

Kikao. Sebule imejaa, hadi ndugu wa Isingiro wamekuja. Nikaingia na kikombe kwa mikono miwili, nikapiga goti, shikamoo Shangazi. Akakinusa kwa mbali. Hakugomba. Akasema tu, "Mwanangu, kwetu anayeleta ndiye anayeonja kwanza."

Macho yote kwangu. Dafroza mlangoni anatikisa kichwa: acha. Jovitus akaniinamia sikioni, akanong'ona nijifanye nimejikwaa, kimwagike. Mtego! Anataka nionekane sina mikono. Nikanywa chote.

Uchachu kwanza. Kisha ule mvutiko, bamia kweli. Nikatabasamu. Nikasimama kuhutubia. Nilikuwa bado kwenye kuwashukuru waliotoka mbali wakati tumbo lilipoanza hotuba yake. Maawe!

Uchaguzi niliusikilizia chooni. Makofi mazuri. Hayakuwa yangu.

Baadaye nikasikia mtu nje ya mlango. Jovitus. Kaacha watu wake wanampongeza, kaja na jagi la maji ya sukari na chumvi. "Kunywa taratibu, kaka," akasema. "Nimewaambia ni malaria." Akasimama pale mpaka nikatoka, akanishika mkono kama mzee.

Shangazi akanigusa paji la uso. Akasema angekunywa yeye, na umri wake huu na tumbo lake hili, Kokwijuka angeolewa huku watu wako matangani. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. Nikaona aibu, nikataka kumjibu kitu cha maana, lakini ikabidi nikimbie tena.

Jumapili, 13 Julai

Nafuu. Uji mwepesi. Dafroza kaupika, kisha kaosha chujio la chai mara tatu mbele yangu.

Nimetafakari kwa kina nilipokosea. Nilikosea kuiamini soya. Ni zao la hasira.

Jovitus kaniomba niwe mpokeaji wa wazee harusini, eti nina mdomo mzuri wa kusalimia. Wema wake unanitia mashaka. Lazima Shangazi abadili mawazo, na muda upo. Mchana nimepanda bodaboda hadi Kayanga, nimepata maziwa ya lozi. Ya kisasa! Boksi lina picha ya mlima. Dafroza kauliza nitampa Shangazi lini. Nikamwambia siku ya harusi yenyewe, mwezi wa tisa, mbele ya wakwe.

Nimeshalifungua, lianze kuzoea hewa ya huku.