Posa Nane za Mudrick

Kwa mpwa wangu Hafsa,
Mwenye steshenari, jirani na stendi ya Kibiti.

Assalaam aleikum.

Anayekuandikia ni mjomba wako Salumu, mwandishi wa barua za posa za ukoo mzima, Ikwiriri mpaka Mchukwi. Unanijua. Niliwaandikia viboko wa Rufiji barua moja tu, wakahama mashamba ya mpunga kabla sijafika kwenye sahihi. Mtu wa namna hii hakustahili alichofanyiwa na kompyuta yako.

Ulinitengenezea kiolezo: juu jina langu na picha ya kiboko, chini sahihi yangu, katikati posa ya kaka yako Mudrick, imeachiwa pengo la jina la anayepelekewa. Ukasema mashine inachukua majina kwenye orodha, inajaza yenyewe. Nikakuamini, maana u mtoto wa dada yangu. Sasa sikiliza malalamiko.

1. Posa ilikuwa ya Semeni, binti wa Mzee Mshamu wa Ikwiriri. Zikatoka barua nane. Mashine iliokota na majina ya wazee tuliowaita kikao cha paa la msikiti. Mimi nikajua hizo ni nakala, kwa kuwa ofisi kubwa zote hutoa nakala kwa wahusika. Ya Mzee Mshamu nikaifunga kwenye leso kama ilivyo desturi, zote nikampa bodaboda. Mtu wa cheo changu hasomi tena alichokwisha kukitunga.

2. Mzee Hashimu hana binti. Ana wana watano wa kiume, na ameniletea salamu kwamba ananisubiri na mpini wa jembe.

3. Binti wa Mzee Yassin yuko kwa mumewe. Na huyo mume anajua kusoma.

4. Imamu Abdulhalim ndiye kanimaliza, maana amekubali. Jamaa zake wanauliza tunafika lini.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mzee Mshamu kasikia kwamba Mudrick anaposa kama mtu apandaye ufuta, mkono wa kurusha. Leso kairudisha. Semeni hapokei simu, Mudrick hagusi chakula, na mama yako akiniona anafunga mlango.

Kwa hiyo naomba mashine iletwe mbele ya wazee, ikiri kosa. Kiolezo kifutwe, kiboko wangu nirudishiwe. Nawe uende Ikwiriri umwambie Mzee Mshamu kwamba mjomba wako hana hatia hata chembe. Mshenga lazima awe na haya, na mashine haina.

Nisalimie mama yako akiwa tayari kusalimiwa, Mudrick, na wote wanaochapisha hapo.

Ni mimi mjomba wako mwenye kudhulumiwa,
Salumu Mwinyimvua

Nyongeza: Ukifika kwa Mzee Mshamu, usiisingizie mashine. Siku ile ulishachagua jina lake peke yake, ukaenda kusali adhuhuri. Huku nyuma nikafungua orodha, nikaongeza jina la Bi Sihaba wa Mchukwi, yule mjane muuza vitumbua, kwa kidole hiki hiki. Nilitaka ya kwangu ipite humo humo kimya kimya. Mashine ikauliza kama ichape orodha nzima, nikabonyeza ndiyo. Mwambie hivyo hivyo, kaka yako aoe.

Bi Sihaba amejibu. Anasema Mudrick ni mtoto mno kwake, ila ameulizia hali ya aliyetia sahihi. Kwa hiyo kiolezo usikifute. Ongeza pengo moja, la jina la bwana harusi.