Malalamiko Kuhusu Bega la Kulia la Mume Wangu

Kegonga,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Daktari Ruqia,
Kliniki ya Wanaume,
Homa Bay.

Mpendwa Daktari,

KUH: KUNYANG'ANYWA BEGA

Nakusalimu kwa heshima, na kwa furaha ambayo siwezi kuificha hata nikiwa nimekasirika, maana mimi bado ni bibi harusi. Ndoa yetu haijafikisha mwaka. Nikipita mbele ya kioo bado nasimama kuitazama pete.

Mimi ni Monicah, mke wa Zablon Motari, yule mfanyabiashara wa ng'ombe uliyempima damu asubuhi mbili tofauti ukamwambia kwamba homoni yake ya kiume, testosteroni, imeshuka. Huenda unamkumbuka. Ni yule mrefu mwenye meno mazuri ambaye, ulipomuuliza kwa upole kuhusu mambo ya chumbani, aligeuka akaanza kusoma kalenda yako ya ukutani, mwezi baada ya mwezi, mpaka Desemba. Mimi ndiye niliyejibu kwa niaba yake.

Tafadhali usiione barua hii kuwa ugomvi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Yeye ni Mkuria, mimi ni Mjaluo wa Kisegi, kwa hiyo tunapendana kwa Kiswahili. Naomba uisome polepole, ukiwa umeketi.

1. Bega lenyewe. Uliagiza Motari apake jeli begani kila asubuhi, angoje ikauke, avae shati, anawe mikono, nami nisimguse hapo ngozi kwa ngozi mpaka atakapoosha. Daktari, umesoma miaka mingi, lakini kuna swali moja hukuuliza: hilo bega ni la nani?

Ungeuliza, ningekujibu hivi. Nililipata katika soko la mifugo la Ogwedhi, siku niliyokwenda kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mvua ikatukusanya wauzaji wote chini ya turubai moja. Fahali alinguruma nyuma yangu, nikaruka, na kichwa changu kikatua kwenye bega la kulia la mtu nisiyemjua. Hakusogea. Alisema tu, "Kaa hapo, dada. Huyo ng'ombe ni wangu, ana kelele tu." Nimekaa hapo tangu siku hiyo. Kanisani mchungaji alitangaza mbele ya watu kwamba tumekuwa mwili mmoja. Kama ni mwili mmoja, basi nusu ya bega hilo ni yangu, nawe umelipaka dawa bila idhini ya mwenye nusu.

Najua utasema kwamba jioni, akishaoga, bega ni langu lote. Bega la jioni limeshasukuma ng'ombe kutwa nzima. La asubuhi ndilo lenye joto la blanketi.

2. Maneno ya asubuhi. Zamani mume wangu akiamka aliniita "jaherana", neno la kwetu la kumwita umpendaye, ambalo nilimfundisha mwenyewe na akalitamka vibaya kwa namna inayoyeyusha moyo. Siku hizi husimama katikati ya chumba kifua wazi, mkono umeinuka kama askari wa trafiki, akasema, "Simama hapo hapo, Monicah. Bado sijakauka."

Mama mkwe, ambaye nyumba yake inatazamana na yetu, aliyasikia hayo kupitia dirishani. Akaja jikoni kuniuliza kama mwanawe amepakwa rangi. Nikamwambia, hapana mama, ni dawa. Akasema, "Dawa gani hiyo ya kumwanika mtu kama mihogo?" Siku ile kliniki, Daktari, hukunipa jibu la kumpa mama mkwe.

3. Ndevu. Ulinionya kwamba jeli ikinigusa mara kwa mara naweza kuota ndevu na sauti yangu ikawa nzito. Naheshimu elimu yako. Lakini shangazi yangu Rael wa Kisegi ana ndevu zake kidevuni tangu nikiwa mtoto, huimba besi kwenye kwaya, na mumewe bado humshika mkono wakitoka kanisani. Niko tayari. Anayeogopa ni Motari, anayesema hataki kugombania wembe na mtu yeyote.

4. Hili si lalamiko hasa, lakini naomba liingie kwenye faili. Mume wangu amechangamka kupita kiasi. Kabla ya dawa alikuwa akifika nyumbani anakaa kama gunia. Siku moja alisinzia sokoni huku amemwegemea ng'ombe aliyekuwa akimuuza, na mnunuzi kwa adabu yake akaenda kununua mwingine. Marafiki zake walisema Mjaluo amemfunga kwa omena. Sasa anaamka kabla ya jogoo, hata jogoo mwenyewe ameanza kuchelewa. Amenijengea jiko lenye dirisha. Amekarabati ua ambao haukuwa umeharibika. Nikimsimulia jambo anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza maswali. Nilipomsimulia habari ya mbuzi aliyeingia kwenye harusi kule Kisegi akala maua ya bibi harusi, Motari alitaka kujua mbuzi alikuwa wa nani, alikuwa wa rangi gani, na bibi harusi alishika nini badala ya maua. Ugali ukaungua. Ugali ule, Daktari, ni wako.

5. Wananchi. Siri imetoka. Nyakundi mwenye bucha alimwomba Motari ampe "tone moja tu, la kujaribu". Nilipomwambia kwamba ni lazima kwanza aende kwa daktari, damu yake ichunguzwe, maana uchovu una sababu nyingi na wake unajulikana baa gani unatoka, alinijibu kwamba yeye damu anaiona kila siku. Wengine hawaombi. Wanampiga Motari begani wakimsalimia, wakitumaini nguvu itapenya koti na shati iwahamie. Hebu fikiria! Bega ambalo mke haruhusiwi kulilalia limekuwa kengele ya kanisa, kila apitaye analigonga.

6. Njia nyingine. Usije ukasema nalalamika bila kufikiri. Nimezipima zote ulizotueleza. Kuna sindano. Motari huwachoma ng'ombe wake sindano mwenyewe bila kupepesa jicho, lakini alipoiona yako alikumbuka kwamba kuna gari linamngoja. Halikuwepo. Kuna vidonge vya kumeza pamoja na chakula, lakini ulisema lazima presha iangaliwe, na presha ya Motari hupanda hata timu ya jirani ikicheza.

Halafu kuna vile vidonge vingine, vya kuuamsha mwili utengeneze homoni yake wenyewe, ulivyosema huwafaa wanaotafuta mtoto karibuni, kwa kuwa jeli hupunguza mbegu. Sisi tulikuambia mtoto angoje kidogo, jiko kwanza. Basi jiko limekwisha. Andika kwamba tunataka mtoto. Andika mapacha ukipenda. Ikiwa mtoto ndiye atakayelikomboa bega, na azaliwe!

Nimeyaandika hayo kwa shangwe kubwa, kisha nikakumbuka kwamba watoto wachanga nao hulazwa begani. Naondoa ombi hilo mpaka nitakapokuwa tayari kugawana.

Kwa hiyo nabaki na maombi mawili tu. La kwanza, jeli ihamishwe. Nimekagua mwili wote wa mume wangu, kazi ambayo sikuifanya kwa haraka, nikitafuta mahali ambapo simhitaji. Mkono hapana, ndio mto wangu. Tumbo hapana, ndipo ninapopasha vidole vyangu joto. Shingo hata usiitaje. Mahali pekee ninapoweza kupaachilia ni kisigino cha kushoto, kile chenye ufa. Ipakwe hapo.

La pili, kama sayansi bado haijafika kisiginoni, basi matibabu yaachwe kabisa na nirudishiwe Motari kama nilivyomkuta. Nilimpenda akiwa gunia, na nitampenda akiwa gunia.

Nimemsomea mwenyewe barua hii leo mchana. Hakubisha. Aliinuka, akaiweka tyubu ya jeli juu ya kabati, kisha akasema, "Kama bega ni lako, Monicah, lichukue. Mimi nilitaka tu kuwa macho ukiongea." Umeona nimeolewa na mtu wa namna gani? Kuanzia kesho hapaki tena, tukingoja jibu lako.

Msalimie muuguzi aliyemtoa Motari damu akamwambia kwamba mwanamume hodari anaruhusiwa kufumba macho. Msalimie pia Austine, mlinzi wa langoni, aliyetuonyesha mlango bila kutangaza jina la kliniki kwa sauti. Mama mkwe anakusalimu, na bado anangoja jibu kuhusu ile mihogo. Kwetu sote tu wazima na tunakuombea mema, wewe na mabega ya nyumbani kwako.

Wako kwa heshima na kwa masikitiko yaliyojaa mapenzi,

Monicah Motari,
mwenye nusu ya bega.

N.B. Leo ni Ijumaa. Jirani yetu Liz, aliyekuwa aibebe barua hii mpaka Homa Bay, aliahirisha safari, kwa hiyo imebaki mezani ikinitazama.

Bega nililipata, Daktari. Jumatatu nililala juu yake mpaka jua likafika dirishani, nikajiona malkia. Jumanne vilevile. Jumatano nilianza kumsimulia sehemu ya pili ya habari ya mbuzi, ile ambayo mchungaji anamkimbiza mpaka ziwani na joho lake. Nilipofika penyewe niligeuka kumtazama. Alikuwa amelala ameketi, tonge la ugali mkononi. Hakuuliza hata mbuzi aliogelea au vipi. Jana hakwenda Ogwedhi. Alishinda kitandani akiutazama ukuta, nami nilikuwa nimelala pale pale nilipopagombania, bega la kulia, ngozi kwa ngozi. Nikimuuliza ana nini, anasema hana kitu. Bega lilikuwepo. Mwenye bega ndiye hakuwepo.

Alfajiri ya leo nimepanda juu ya kigoda, nimeishusha tyubu mwenyewe, nikaiweka kando ya kikombe chake cha chai. Tafadhali chana yote niliyoandika hapo juu isipokuwa salamu. Habari ya kisigino uichane kwanza. Utusamehe kwa kuacha dawa bila kukuuliza. Tutakuja siku ile uliyopanga, apimwe damu tena, na kama jeli ipo, utuwekee nyingine.

Nimemwona akipaka. Sasa hivi amesimama katikati ya chumba, kifua wazi, mkono juu. Ameuliza kama yule mbuzi aliogelea. Nilipoinuka kwenda kumjibu karibu, amesema bado hajakauka.

Nimerudi kuketi kwenye kigoda. Namngoja akauke.