Mgeni wa Nyumba Namba Tisa

Nilikuwa nikipangusa vumbi ukurasa wa arobaini wa daftari la ubatizo Mkurugenzi Obita alipobandika tangazo mlangoni. Kuanzia leo, Idara ya Uthibitisho wa Mababu itamtambua kila raia kwa babu yake. Aliyehesabiwa mwenye nyumba katika sensa ya zamani, kizazi chake ni wenyeji. Aliyehesabiwa mgeni, kizazi chake ni wageni, mpaka ukoo wa mwenye nyumba uwaandikie barua.

Ni utaratibu mzuri. Mababu hawajaulalamikia.

Joska Lamwaka, mlinzi wa ghala moja kule Port Bell, alikuwa benchini kwa mara ya saba, kila mara kwa utaratibu mpya. Asipopeleka cheti cha uenyeji kazini kesho Ijumaa, lindo lake linapewa mtu mwingine.

"Afande, baba yangu alikuwa polisi. Mimi nimezaliwa kambini hapa hapa Kampala," aliniambia. "Sasa mimi mgeni wa nani?"

"Ndilo tunalochunguza, mama."

Obita akachungulia. "Hawa wa kambini wote walikuja na lori. Andika mgeni, tule chakula."

Mimi karani siandiki nisichosoma. Nikafungua daftari la sensa ya zamani, iliyomwandika kila mtu pale alipolala. Nyumba namba tisa: mwenye nyumba, Matayo Okeny. Ndiye babu yake Joska; daftari la ubatizo lilikubali. Mstari wa chini: mgeni mmoja, Zakayo Obita, amefika jana, ameazimwa mkeka.

Zakayo namfahamu. Ni babu yake Mkurugenzi; picha yake imetundikwa ofisini kwake, na chini imeandikwa "Mwenyeji wa Kwanza".

Obita akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Daftari hili limekosea."

"Mzee, Jumatatu ulilipiga muhuri mwenyewe: Halikosei."

Nikampa Joska cheti. Akakikunja, akakitia ndani ya kofia yake. Kisha, kwa kuwa wageni hawaruhusiwi nyuma ya kaunta, nikamwomba Mkurugenzi aketi benchini. Akaketi palipokuwa bado na joto la Joska.

"Mama Lamwaka," akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia, "barua yenyewe ni mistari miwili tu."

"Nimesikia, bwana ssebo. Lakini saa hizi naenda kula chakula. Rudi kesho na picha mbili." Akafika mlangoni, akageuka. "Na ule mkeka."

Nimemfungulia Obita jalada. Sehemu ya mkeka bado iko wazi.