Sauti Mpya ya Kituo cha Elvestrand

Mheshimiwa Meya, waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Mkoa, Mwenyekiti wa Kamati ya Matamshi ya Vituo vya Basi, ambaye ni mimi mwenyewe, pia dereva wetu Oddvar Fossheim, anayestaafu leo, ingawa simwoni ukumbini, na Bibi Torbjørg Myklestu, abiria wetu asiyeona: itifaki imezingatiwa. (Makofi machache.)

Ndugu wananchi, mnakumbuka jinsi mashine ya zamani ilivyolikata jina la kituo cha hospitali, Elvestrand, yaani, kwa Kinorwe, mto na ufuko katika neno moja, ikasema "Elves", ikapumua, kisha "trand", hata Bibi Torbjørg asilitambue, akapitishwa hadi mwisho wa njia na kukosa kusafishwa damu. (Bibi Torbjørg: "Mara mbili!") Mara mbili, asante. Tangu hapo Oddvar ametangaza vituo kwa mdomo wake, jambo lisiloendana na mkakati wa kidijitali. Hivyo Kamati yangu, baada ya vikao arobaini na kimoja na ziara ya mafunzo kwenye fukwe za Mallorca, imethibitisha kwa asilimia tisini na saba nukta nne kwamba neno ambatani hutamkwa kwa pumzi moja. (Sauti: "Hata chekechea wanajua!")

Baadaye tutakula, kama ilivyoandikwa hapa, lamme... lår. (Kicheko. Kwa pumzi moja ni paja la mwanakondoo. Alivyolikata Mwenyekiti, ni mapaja yaliyopooza. Bibi Torbjørg: "Hayo ninayo tayari, mwanangu!")

Tulieni! Sasa naizindua mashine mpya, nabonyeza kitufe. (Nyuma ya pazia: "Elvestrand!" Kisha kikohozi.) Mmesikia? Hata kikohozi ni cha kidijitali. (Bibi Torbjørg, akisimama: "Huyo ni Oddvar! Kikohozi chake nakijua. Jumatatu nani ataniambia nimefika?") Swali zuri, litapelekwa kwenye kamati ndogo.

Neno moja! (Watu wanalitazama pazia.) Pumzi moja! (Meya, peke yake: "Moja.")

Mwisho, kama nilivyoandikiwa hapa, namshukuru Oddvar kwa kukubali kusimama nyuma ya pazia, kwa kuwa mashine mpya haijawahi kuagizwa, na... (Anageuza karatasi. Upande wa pili hauna maandishi.)

(Oddvar, kutoka nyuma ya pazia: "Torbjørg, Jumatatu nitapanda kama abiria. Nitakaa nyuma yako, nikupigie kelele tukifika." Ukumbi wote unasimama. Makofi marefu.)

Asanteni, asanteni. Makofi haya nayapokea kwa niaba ya Kamati.