Mwongozo wa Mashini Isiyotulia

Jumatatu, 7 Machi 1988
Ordinateur, kompyuta yetu ya kwanza, imefika! Imewekwa chumba chake peke yake, chenye klimatiseur. Kisangani nzima tunaiva kwa joto, mle ndani mutu anavaa koti! Papa Désiré, directeur wetu, amesema itaandika karatasi za safari za malori ya mchele. Atakayetoa mwongozo mzuri Ijumaa atabaki na mashini. Mwenzake atahamishiwa ghala la Bengamisa. Tuko wawili: mimi na mama Berthe wa taipu. Berthe! Hata swichi ya taa anaibonyeza kwa woga. Bon, koti nimeshalitoa sandukuni.

Jumanne, 8 Machi
Nimenakili skrini yote kwa mkono, kurasa saba. Namba 1, Andika lori. Namba 2, Chapisha. Safi kabisa! Halafu nikaona kifungo cha F9. Kazi yake nini? Hakuna ajuaye. Nikabonyeza, kidogo tu. Hakuna kilichotokea. Nikazima, nikaenda kula lituma ya ndizi. Kurudi na kuwasha: Chapisha imekuwa namba 5! Na chumbani alibaki nani? Berthe. Nimeelewa.

Jumatano, 9 Machi
Nimeandika yote upya. Kabla ya kuzima nikajaribu F9 tena, labda jana ilikuwa imechoka. Wapi! Nimefunga mlango. Ufunguo uko ndani ya soksi yangu.

Alhamisi, 10 Machi
Maandishi yote yamekuwa mekundu! Andika lori iko chini kabisa! Na ufunguo ungali ndani ya soksi. Huyu mama anapitia wapi? Nikamuuliza, kwa heshima, mwongozo wake una kurasa ngapi. Akasema moja. Nimecheka mpaka machozi. Maskini, Bengamisa kuna joto. Nikaandika upya, nikaiuliza F9 kwa mara ya mwisho, nikazima.

Ijumaa, 11 Machi
Aibu! Papa Désiré aliwasha mashini, akafungua mwongozo wangu, kurasa arobaini na moja pamoja na michoro. Ulisema abonyeze 1. Akabonyeza. Malori yote ya wiki yakafutika! Akaniangalia kama mbuzi aliyeingia kanisani. Alors, akachukua karatasi ya Berthe. Mistari miwili: F9 inapanga skrini upya, lakini mabadiliko yanaonekana mashini ikiwashwa tena, msiiguse. Mengine someni kwenye skrini. Berthe akaeleza kwamba aliniona dirishani: kila nikiigusa, nikiwasha tena napiga kelele. Akaongeza kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Masikio yaliniwaka moto. Papa Désiré akauliza kama nina la kusema. Nikauliza F10 inafanya nini.

Jumatatu, 14 Machi, Bengamisa
Joto. Koti limerudi sandukuni. Huku ordinateur hakuna, iko mizani tu. Papa Assumani, mulinzi wa ghala, anaipimia mchele kwa miaka kumi na miwili bila shida. Nimeahidi kumwandikia mwongozo. Hakuomba. Nyuma ya mizani kuna skrubu ndogo iliyopakwa rangi nyekundu. Kazi yake nini? Papa Assumani hajui, hajawahi kuigusa. Donc nimengoja aende kula.

Nimeizungusha, kidogo tu. Hakuna kilichotokea.